Uso wa Mkwe

Busale, 10 Machi 2024

Mkwe wangu Beatrice,

Shangazi yenu Anyisile atakukabidhi mkungu wa ndizi na barua hii. Mkungu ni wa mkwe. Barua ni ya nesi. Usivichanganye.

Najua utashangaa. Tangu mwanangu Lameck akuoe ni miaka sita, na muda wote huo mimi na wewe hatujatazamana usoni wala kukaa chumba kimoja, kama desturi yetu Wanyakyusa inavyotaka kwa baba mkwe na mke wa mwanawe. Leo nakuandikia kama karani wa mahakama. Wenzangu wengi wameshayaacha mambo haya. Mchungaji wetu anakula meza moja na mkwewe, wanagombea paja la kuku. Mimi nimebaki mshamba. Baba yangu alimficha uso marehemu mke wangu mpaka anaingia kaburini, na sikumbuki siku hata moja waliyokoseana heshima. Simu nayo siwezi. Sauti yako sikioni mwangu ni sawa na kukaa nawe mkeka mmoja. Barua ina adabu, inakaa mbali.

Sasa shida yenyewe. Tangu mwezi wa pili naamshwa usiku. Hakuna aliyeniita, hakuna mbwa aliyebweka. Nashtuka tu, moyo unakimbia kama mtu aliyefumwa anaiba kakao. Unakwenda mbio, unajikwaa, unasimama kidogo kama unasikiliza, kisha unaanza upya. Shati linalowa jasho. Nakaa kitandani nimejishika kifua kama niliyebeba yai. Baadaye unatulia wenyewe, lakini usingizi umeshakwenda zake, nabaki na vyura mpaka alfajiri. Asubuhi Anyisile anasimama dirishani, "Ugonile?" Ndiyo salamu yetu, kumuuliza mtu kama amelala. Siku hizi naona ananikejeli.

Yeye anasema nimerogwa kwa ajili ya kakao yangu. Nimemwambia mchawi mwenye akili angeanza na binamu yangu Ezra, ambaye kakao yake inaonekana hata kutoka barabarani. Nipe dawa ya kulalia, tuishie hapo.

Lameck msalimie. Mwambie baba yake bado yupo.

Baba mkwe wako,
Aliko


Kyela mjini, 14 Machi 2024

Baba, shikamoo.

Ndizi zimefika, na barua imefika. Nimeisoma kwanza kama mkwe, nikacheka. Nikairudia kama nesi, sikucheka.

Dawa ya kulalia sikupi. Moyo unaokimbia na kujikwaa usiku inaweza kuwa hofu tu, na inaweza kuwa moyo wenyewe umepoteza mpangilio. Ukiwa umepoteza mpangilio, damu hutuama ndani yake, ikaganda, na kipande kikapanda kichwani. Mtu analala mzima, anaamka upande mmoja hausikii, au haamki kabisa. Watu hao nimewageuza kitandani kwa mikono yangu. Sitaki uwe mmoja wao.

Hapa kituoni tuna mashine ya kupima moyo. Daktari Sylvester amekubali kukulaza siku mbili wodi ya wanaume akutazame. Mimi nimeomba kuhamia wodi ya wazazi siku hizo, sitakanyaga upande wako. Kwa sasa punguza ile chai yako nyeusi ambayo Shangazi anasema kijiko kinaweza kusimama ndani yake.

Lameck anakusalimu sana. Yuko kulekule Tunduma, biashara ya mchele imembana, ndiyo maana hatokei. Kila akipiga simu anauliza hali yako. Kuna shati, amelinunua huko, kasema nikupe. Shangazi anakuja nalo.

Mkweo,
Beatrice


Busale, 2 Aprili 2024

Mkwe wangu,

Nimerudi kutoka kwenu mzima kuliko nilivyokwenda, na hiyo ndiyo shida. Siku zote mbili moyo ulikaa kimya kama mwanafunzi aliyemwona mwalimu mkuu. Daktari Sylvester alinibandika nyaya kifuani, mashine ikatema karatasi, karatasi ikasema huyu mzee ni fahali. Usiku nililala mpaka nikakoroma. Nimefika kwangu, usiku uleule ukaanza tena, kana kwamba ulikuwa unanisubiri mlangoni.

Daktari aliniuliza kama kuna jambo linanisumbua. Nikamwambia ni bei ya mbolea. Akacheka, akaandika "wasiwasi", akaniruhusu.

Nakushukuru kwa adabu yako. Siku ya pili nilisikia mwenzako akiita, "Beatrice, pita huku, ni karibu!" Viatu vikaja, vikasimama ghafla, vikarudi mbio. Mgonjwa wa kitanda cha jirani akaniuliza, "Yule nesi anakimbia nini?" Nikamjibu, "Ananikimbia mimi." Mwe! Alivuta shuka mpaka kidevuni, hakunisemesha tena hadi naondoka.

Shati limenikaa vizuri mabegani. Mwambie Lameck ndaga fijo, ahsante sana, amekumbuka mwili wa baba yake.

Baba mkwe wako,
Aliko


Busale, 3 Aprili 2024

Lameck,

Simu zako sipokei kwa sababu nikisikia sauti yako naweza kusahau kwamba nimekasirika. Barua haina sauti.

Mwezi wa pili ulikuja hapa na yule binti wa Tunduma, ukamkalisha sebuleni, ukaniambia ndiye mke. Nilitoka nikasimama kwenye migomba mpaka mlipoondoka, na haikuwa kwa heshima ya ukwe. Ulitaka nimpelekee ujumbe mzee Ezekiel, baba yake Beatrice, kwamba ndoa imekwisha. Sijaupeleka. Usiku ule ndipo moyo wangu ulipoanza kuniamsha, na mpaka leo haujaona sababu ya kuacha.

Mkeo bado ananiletea salamu zako. Anasema unaulizia hali yangu kila siku. Amenipa shati, eti umelinunua huko. Shangazi yako alikuwa ndani ya duka la Mwanaheri, hapahapa Kyela mjini, siku lilipopatikana. Mwanaheri mwenyewe alimwambia, "Huyu mkwe wenu kanitoa jasho! Mara kola, mara mikono, anasema baba mkwe wake ana mabega mapana." Sijui aliyaona lini mabega yangu. Wewe ulibebwa juu yake utoto wako wote na huyakumbuki.

Basi maskini hajui kitu. Anadhani uko kazini, anajaribu kukusitiri kwangu usionekane umenisahau. Nenda ukamwambie mwenyewe, ana kwa ana, au rudi nyumbani. Mimi si posta yako.

Baba yako


Tunduma, 20 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Siku hizi nani anaandika barua? Nimenunua bahasha, muuzaji akaniuliza kama naomba kazi.

Beatrice anajua. Nilimwambia mwezi wa kwanza, kabla sijaja kwako. Kama anakuletea salamu zangu, hizo ni zake. Sijamtuma.

Sina ugomvi naye. Ni mwanamke mzuri, kila mtu ananiambia hivyo kama vile sikuishi naye. Lakini miaka sita, Baba, hakuna mtoto, na huku mtoto yuko njiani. Kanisani hatukufunga. Ni ndoa ya mila tu, na mila haina mzunguko: mzee Ezekiel akirudisha ng'ombe wa mahari mbele ya wazee, kila mtu yuko huru. Anayekwamisha ni wewe. Unajificha nyuma ya nyumba kumkwepa mtu ambaye si mkwe wako tena.

Hayo ya moyo ni umri, Baba. Jitahidi kunywa maji mengi.

Mwanao,
Lameck


Kyela mjini, 8 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Shangazi amenieleza ambayo wewe hukuyaandika: kwamba sasa unaamka mara nyingi zaidi, kwamba suruali unazifunga kwa kamba, kwamba juzi ulikaa chini katikati ya kuvuna mpunga ukasingizia mwiba.

Moyo wako ni mjanja. Mchana, mbele ya daktari, unajifanya mlokole. Lazima ukamatwe nyumbani, usiku, ukiwa katikati ya kosa. Daktari Sylvester ameniazima mashine ndogo ya kubeba. Tukipata karatasi moja tu ya wakati ule, daktari wa moyo kule Mbeya ataanza dawa mara moja. Bila karatasi wataandika "wasiwasi" mpaka siku ya mazishi.

Nyaya zinabandikwa kifuani, penye ngozi tupu. Kwa hiyo mimi siwezi, najua. Nitakuja Jumamosi ya tarehe 18, nimfundishe Shangazi, yeye ndiye akubandike. Wewe utakuwa chumbani, mimi nitakaa jikoni kwako, ukuta uko katikati yetu. Nilipomweleza hivyo Shangazi akauliza, "Na nikikosea, atalipuka?" Nimemhakikishia hulipuki.

Lameck alitaka tuje wote, ila gari lao la mizigo limeharibika njiani.

Mkweo,
Beatrice


Busale, 20 Mei 2024

Mkwe wangu,

Naomba yale ya juzi yasikukoseshe usingizi. Katika ukoo anatosha mmoja asiyelala.

Niliteleza tu. Mvua ile, maganda ya ndizi yale, na mzee wa miaka hamsini na saba aliyevaa malapa yasiyofanana. Mbavu zinauma kidogo nikicheka, kwa hiyo Anyisile nimemkataza kuzungumza. Yeye naye usimlaumu. Alibandika zile nyaya kama anavyobandika kiraka kwenye gunia la mpunga, na karatasi uliyoondoka nayo imetoka kama Milima ya Livingstone tunavyoiona kutoka hapa. Kama hivyo ndivyo moyo wangu ulivyo, basi nimekufa tangu mwaka juzi.

Tuache mambo ya mashine. Nitakunywa ile dawa ya mizizi ya Ezra, angalau ni chungu, mtu unajua umekunywa kitu.

Mwambie Lameck pole kwa gari.

Baba mkwe wako,
Aliko


Kyela mjini, 23 Mei 2024

Baba,

Hukuteleza.

Nilikuwa jikoni, upande wa pili wa ukuta. Shangazi alikuja mbio akasema moyo umeanza na nyaya zimemchanganya, ipi ya kushoto ipi ya kulia. Nikasema, "Basi nakuja mwenyewe." Ukanisikia. Ukang'oa nyaya zote, ukatoka kwa mlango wa nyuma kwenye mvua. Ukanikimbia, Baba. Na moyo ule, ukakimbia.

Nilikusikia ulivyoanguka. Nilisikia pumzi yako inavyokatika. Ulikuwa karibu, ningekufikia kabla hujamaliza kuita, na ulichoita ni, "Usije, mkwe! Usije!" Nikasimama. Shangazi akanipita na tochi. Akakukuta umelala kwenye tope umefunika uso kwa mikono, nisije nikauona. Mimi, nesi, nilisimama mlangoni na mikono yangu miwili mitupu, nasikiliza mtu anavyohangaika kuvuta hewa.

Nimeifanya kazi hii miaka tisa. Nimewashika walevi walionitapikia. Nimemshika mwizi aliyepigwa na watu hadi hana sura. Sijawahi kusimama.

Na nilisimama kwa heshima ya nini? Sikiliza sasa. Hakuna gari lililoharibika. Lameck aliniacha mwezi wa kwanza. Ana mwanamke huko Tunduma, na mtoto yuko njiani. Salamu zote nilizitunga mwenyewe, na shati nililinunua mwenyewe. Niliogopa habari hiyo itakuua. Na niseme lililobaki: niliogopa pia kwamba siku utakapojua ndiyo siku utakapoacha kuniita mkwe. Mama yangu alikufa nikiwa mdogo, baba yangu ni mtu wa maneno machache. Hakuna mtu mwingine anayenitania.

Sasa nakuomba uache. Tamka mbele ya wazee kwamba ndoa imekwisha. Nikishakuwa mtu baki, mtu baki anaweza kukaa kando ya kitanda chako usiku kucha akabandika nyaya mahali pake. Daktari Sylvester hawezi kuja kulala Busale. Shangazi umemwona. Aliyebaki ni mimi.

Beatrice


Busale, 30 Mei 2024

Mkwe wangu,

Narudia ili usidhani kalamu imekosea. Mkwe wangu.

Nilijua. Lameck alikuja hapa mwezi wa pili na huyo mwenzake. Nilidhani wewe ndiye hujui, nikawa nakusitiri. Halafu yeye mwenyewe akaniandikia kwamba unajua, nikaendelea kukusitiri hivyohivyo, sababu sikujua namna ya kuacha. Kila ulipoleta salamu zake nilizipokea kwa mikono miwili. Aliyezituma nilimfahamu, na nilimpenda kuliko yule ambaye zilibeba jina lake. Tumedanganyana vizuri. Hata wachuuzi wa kakao hawatufikii.

Lakini unachoomba sikupi.

Fikiri kidogo. Mume amekuacha. Kanisa halikujui. Mtoto huna. Kitu pekee kinachosema wewe bado ni mtu wa nyumba hii ni mzee mmoja mjinga anayeruka nyuma ya nyumba akisikia unakuja. Watu wakiniona nakimbia wanasema, "Mkwe wake amefika." Siku nitakapotulia kwenye kiti nikakutazama, watasema, "Kumbe wameachana." Mimi ndiye cheti chako cha ndoa, Beatrice. Nikikaa, umeachika.

Na kile kipande cha kakao kule mtoni nilishakiweka moyoni kuwa chako. Mkwe wangu naweza kumpa, hata Ezra na ukoo mzima wanune. Mtu baki siwezi. Watamnyang'anya kabla sijapoa.

Usinililie. Nimeishi na mambo mengi ya kijinga na hili walau lina faida kwa mtu. Kama itatokea niamke upande mmoja hausikii, ule mwingine utabaki na akili ya kujificha. Acha kama ilivyo.

Baba mkwe wako,
Aliko


Kyela mjini, 6 Julai 2024

Mzee Aliko, shikamoo.

Ni mara ya kwanza naandika jina lako. Mke wa mwana halitaji jina la baba mkwe, na mkono wangu ulikuwa bado haujasikia habari. Nimelazimika kurudia kwenye karatasi nyingine.

Leo asubuhi baba yangu ameswaga ng'ombe wa mahari mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Wazee wa pande zote mbili walikuwepo. Wewe uliitwa, wakasema unaumwa. Ezra amempokea kwa niaba ya ukoo wenu. Ilichukua muda mfupi kuliko kumchoma mtoto chanjo.

Baba yangu alikuwa amekataa mwezi mzima. "Anayekimbia ni mtoto wao, anayerudisha ng'ombe ni mimi? Watu watasema binti yangu ndiye aliyeondoka!" Nikamwambia ni kweli, ndiye anayeondoka. "Anakwenda wapi?" Nikamwambia, "Kushika mkono wa mgonjwa." Akanitazama, akauliza kama na mimi moyo wangu umepimwa. Lakini leo alipokuwa anafungua kamba alilia, Mzee. Alikuwa amechagua ng'ombe mzuri, mweupe mwenye doa jeusi usoni, ili wasiseme katuma mgonjwa kuchukua nafasi ya mzima.

Wewe ulikataa kuniachia, nimejiachia mwenyewe. Sasa hakuna desturi tutakayovunja. Jumatatu nakuja na mashine. Nitakaa chumbani mwako kila usiku mpaka niukamate moyo huo. Usitoke kwa mlango wa nyuma. Ukitoka nitakufuata, na safari hii huna neno la kunisimamisha.

Nesi Beatrice


Busale, 25 Agosti 2024

Beatrice,

Hapo juu nilianza na neno lingine, nikalikata. Linachungulia chini ya wino, lisamehe.

Nakushukuru. Daktari wa Mbeya aliitazama karatasi uliyoipata, akasema ni lilelile ulilonieleza tangu mwanzo, na kwamba msimu mwingine wa mvua nisingeuona. Vidonge nameza. Nalala usiku mzima, tena nalala vibaya, mdomo wazi, Anyisile anasema nasikika mpaka kwa Ezra. Ungetegemea mtu aliyepona awe na furaha. Nami nilitegemea hivyo.

Nikwambie ambalo halikuingia kwenye karatasi ya mashine. Usiku ule wa kwanza moyo ulipoanza, wewe uliwasha taa. Nilikuwa nimeshajiandaa kufumba macho, hata kama umekuja kama nesi, lakini hofu ikanisahaulisha, nikakuona. Una kovu dogo juu ya nyusi. Una macho ya mtu ambaye hajalala siku nyingi kuliko mimi. Miaka yote ile nilikuwa nimekutungia uso mwenyewe, wa mviringo, wa kuchekacheka. Haukuwa huo. Ukanishika mkono, vidole vyako vilikuwa baridi, ukasema, "Tulia, mzee." Nikatulia. Watu wote waliozunguka kitanda cha mgonjwa wanaitwa ndugu, ila yule karani wa hospitali kule Mbeya alipokuuliza mimi ni nani wako, ulinitazama kwanza, halafu ukamjibu, "Mimi ni nesi tu, nimemsindikiza." Ulijibu sawasawa. Nilisimama pale nikatamani ukosee.

Lameck amemleta mwenzake. Ana tumbo kubwa, ana adabu. Anyisile amemfundisha, na akisikia ninakohoa tu anajificha vizuri sana, huwezi kuona hata kivuli. Nami namkwepa. Nifanyeje? Desturi haichagui. Watu wanasema, "Mkwe wake amefika." Ezra na wenzake wameshapeleka mahari kwao Tunduma, wamempandisha kwenye lori ng'ombe yuleyule mweupe mwenye doa usoni. Walisema ni ng'ombe mzuri, ya nini kutafuta mwingine.

Kile kipande cha mtoni nilikitaja kwenye kikao cha ukoo. Ezra akaniuliza, kwa upole kabisa, nakupa wewe kama nani. Nilikuwa na majibu mengi. Hakuna lililokuwa na jina.

Hayo ndiyo ya nyumbani. Nimekuandikia ili kukuomba radhi kwa Jumanne.

Nilikuwa natoka sokoni, nikakuona kwa mbali unakuja na mwavuli wako. Sikufikiri. Miguu ilishafanya kazi yake: nikaiacha barabara, nikateremka mtaroni, nikageuza uso kwenye matete ili upite. Nikangoja. Nikasikia viatu vyako vinakuja, vikafika, vikasimama palepale juu yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Dawa unameza?"

"Nameza."

"Unalala?"

"Nalala."

Nilipogeuka ulikuwa unaitazama suruali yangu iliyokuwa imelowa mpaka magotini. Ukafuata njia yako, katikati ya barabara, bila haraka, kama anavyopita mtu yeyote mbele ya mtu yeyote.

Nilibaki ndani ya maji mpaka ulipopotea. Kisha nikaweka mkono kifuani. Moyo ulikuwa unapiga vizuri kabisa.

Aliko